Woga wa jembe: wenye baridi yabisi na kazi ya shamba

Wandugu wanachama, katika mikutano yetu ya Kasuku, ya Mikelenge na ya Alunguli kuna neno linarudi kila mara tunapogawanya kazi za shamba la pamoja: "Mimi niko na rumatisme, siwezi kugusa jembe tena, mifupa itaisha." Wanaosema hivyo wengi ni akina mama, na si wazee tu. Wengine wana miaka 35 au 40. Kuna waliokuwa wa kwanza kufika shambani asubuhi, na leo wanashinda kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, wanangoja ugonjwa upite. Na ugonjwa haupiti.

Sisi ni watu wa mbegu na udongo, hatukusomea uganga. Lakini jambo hili limekwisha kuingia shambani kwetu. Mwanachama akiogopa kujongea, anakosa siku zake za kazi, na mwisho wa msimu fungu lake la mpunga linapungua. Wenzake wanaanza kusema ni mvivu. Nyumbani wanaanza kusema amerogwa. Na yeye mwenyewe, kila mwezi anaopita bila kufanya kitu, nguvu zinatoka mwilini kidogo kidogo, mpaka hata kupanda kwenye mtumbwi kuvuka Lualaba inakuwa shida. Njo maana tumeuliza waganga, tukasoma, na leo tunaandika juu ya mikono na magoti badala ya kuandika juu ya mihogo.

Rumatisme gani?

Kwa Kiswahili chetu cha Kindu neno rumatisme linabeba kila kitu kinachouma karibu na mfupa. Mzee mwenye goti lililochakaa, kijana aliyeanguka na pikipiki, mama mwenye vidole vilivyovimba, wote ni "rumatisme". Lakini hayo si magonjwa sawa, na anayechanganya dawa zake anaweza kuumia.

Tunayosema hapa ni baridi yabisi, ambayo waganga wanaiita kwa Kifaransa poliatriti ya rumatoide. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Alama zake unaweza kuziona bila mashine. Vidole, viwiko vya mikono, na nyayo zinavimba, na mara nyingi pande zote mbili pamoja, kulia na kushoto. Asubuhi mikono inakuwa migumu kama imekauka, na ugumu huo unakaa zaidi ya nusu saa, hata saa moja au mbili, kabla ya kulegea. Mwili unachoka bila sababu. Na hali hiyo inadumu zaidi ya wiki 6.

Goti la mzee ni tofauti: linauma zaidi kiisha kazi, jioni, na asubuhi linalegea kwa dakika chache. Jongo linashika ghafla, usiku, mara nyingi kidole kikubwa cha mguu, na kwa wingi wanaume. Chikungunya inaanza na homa kali. Jina lenyewe lilitoka kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania, ugonjwa ulipoonekana huko mwaka 1952, na maana yake ni kukunjika, kwa vile mgonjwa anatembea ameinama kwa maumivu ya viungo. Na konzo, ile inayotokana na mihogo michungu isiyoloweshwa vya kutosha, inakaza miguu mara moja, lakini haivimbishi viungo. Kwa hiyo kabla ya mtu kujiita mwenye rumatisme kwa miaka, aende kituo cha afya, waangalie viungo, na kama inawezekana wamtume hospitali kubwa wapime damu.

Msifikiri hii ni ugonjwa wa Ulaya. Waganga wa Kinshasa, Malemba na wenzake, walipita nyumba kwa nyumba katika mji huo, na mwaka 2012 wakatangaza walichokipata: chini kidogo ya mtu 1 kwa kila watu wazima 100 alikuwa na baridi yabisi. Hiyo iko karibu na hesabu ya nchi nyingine za dunia. Na kila mahali wanawake ndio wengi kuliko wanaume, mara mbili au tatu. Sasa fikirini wenyewe: kwetu, nani anapanda mpunga, anapalilia, anachimba mihogo, anaimenya, anatwanga sombe, anachota maji? Ugonjwa unapiga mikono ileile inayolisha nyumba.

Woga unatoka wapi

Tusimcheke mtu anayeogopa. Woga huu una sababu zake, na moja ilitoka kwa waganga wenyewe. Kwa miaka mingi, huko Ulaya na Marekani pia, mgonjwa wa baridi yabisi alikuwa anaambiwa alale. Walimweka kitandani wiki nyingi, wengine walimfunga viungo kwa plasta visijongee kabisa. Walidhani kiungo chenye moto kikijongea kitasagika. Shauri hilo lilisafiri na vitabu, likafika mpaka kwenye vituo vya afya vyetu, na mpaka leo kuna mama anaambiwa "pumzika" na basi, hakuna neno lingine juu yake. Haambiwi apumzike siku ngapi. Haambiwi arudi kazini namna gani. Anaondoka na neno moja, na neno hilo linakuwa sheria.

Sababu ya pili ni maumivu yenyewe. Mtu amelima siku moja, kesho yake vidole vimevimba kama ndizi. Akili inaunganisha: jembe limenivimbisha. Kumbe ugonjwa huu una tabia ya kuwaka na kupoa, unaweza kuwaka hata kwa aliyelala wiki nzima. Lakini nani anakumbuka siku alizovimba bila kufanya kazi? Tunakumbuka siku ya jembe.

Ya tatu ni kuona wengine. Katika kila mtaa kuna bibi mmoja ambaye vidole vyake vimepinda kabisa, na watu wanasema, "Alifanya kazi sana, ona sasa." Mtu mwenye ugonjwa huo akimwangalia bibi yule, anaona mikono yake ya kesho. Ukweli ni kwamba vidole vilipindishwa na ugonjwa ulioachwa miaka bila dawa inayoufaa. Kazi haikuuleta ugonjwa ule.

Waganga wanaosoma mambo haya wana neno la pekee kwa woga wa kujongea, na wanaupima kwa maswali kama wanavyopima homa. Wameona kwamba mara nyingi woga unamrudisha mtu nyuma kuliko hali ya viungo vyake. Inazunguka hivi: kiungo kinauma, mtu anaogopa, anaacha kujongea, misuli inapungua, kiungo kinabaki bila mshikaji, basi siku akijaribu kitu kidogo kinauma zaidi. Anasema, "Mmeona? Nilisema." Woga wake umepata ushahidi.

Mwili si shamba la kulaza

Wakulima wengi, na hapa tunawaelewa kabisa, wanafikiri mwili ni kama shamba: limechoka, liache lilale miaka mitatu, litarudi na nguvu. Lakini shamba linalolala halilali kweli. Majani yanaota, yanaanguka, yanaoza, mizizi inafungua udongo, minyoo inafanya kazi. Mwili ukilala hakuna kinachoota. Misuli inapungua kwa siku chache tu, mifupa inakuwa laini, moyo unazoea uvivu. Na wenye baridi yabisi wako na hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo kuliko watu wengine, kwa hiyo kukaa bila kujongea kunawaumiza mara mbili.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wenyewe lilitushangaza. Ile gegedu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo haina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye maji mazito yaliyo ndani ya kiungo, na maji hayo yanaingia na kutoka kiungo kinapokunjwa na kunyooshwa, kama sifongo unavyoikamua na kuiachia. Kiungo kisichojongea hakili vizuri.

Na hii imepimwa kwa watu. Huko Uholanzi walichukua wagonjwa karibu 300 wa baridi yabisi. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu, mara mbili kwa wiki, saa moja na robo kila mara, kwa miaka miwili mizima. Kundi lingine liliendelea na matunzo ya kawaida. Matokeo yalianza kutoka mwaka 2003. Waliofanya mazoezi waliweza kufanya kazi zao za kila siku vizuri zaidi, na picha za mifupa ya mikono na ya nyayo hazikuonyesha kwamba wameharibika kuliko wengine. Tuseme na upande wa pili, tusifiche: kwa wale ambao goti, bega au nyonga zilikuwa zimekwisha kuharibika sana tangu mwanzo, waganga walishauri mazoezi mazito yasibebeshwe kiungo hicho. Mtu wa namna hiyo atajongea pia, lakini kwa njia nyepesi.

Uingereza walipima mikono peke yake. Wagonjwa 490, matokeo yakatoka mwaka 2015. Waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na ya kutia nguvu vidole na viwiko vya mikono, kiisha mwaka mmoja mikono yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya wenzao, na maumivu hayakuongezeka. Kwa mtu anayemenya mihogo, hiyo ni habari. Mwaka 2018 shirika la waganga wa viungo wa Ulaya nzima liliandika wazi kwamba kujongea ni sehemu ya matunzo ya ugonjwa huu, kama dawa. Na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilisema hata wenye magonjwa ya kudumu watafute dakika 150 za kujongea kwa wiki. Kutembea kwenda shambani kunahesabiwa.

Namna ya kuanza tena

Mama mmoja mwanachama wa upande wa Alunguli, hatutamtaja jina, alikaa msimu mzima bila kushika kitu. Kamati yake haikumsukuma. Ilimwomba kitu kimoja tu: afike shambani kwa miguu siku ya posho, akae kivulini, aandike magunia. Hakuna jembe. Wiki zilizofuata akaanza kuchagua mbegu za karanga, kiisha akafunga mafungu ya mpunga. Aliogopa kila mara, lakini alikuwa amejiwekea kipimo: jioni anaangalia mikono yake, na kesho asubuhi tena. Anavimba bado, kuna siku hafiki. Lakini anasema sasa anajua siku ya ugonjwa na siku ya woga, hazifanani.

Kipimo chenyewe ni rahisi na waganga wanakikubali. Kiisha kazi, maumivu kuongezeka kidogo si ajabu. Yakikaa zaidi ya saa mbili, au kesho yake asubuhi kiungo kimevimba kuliko jana, kazi ilikuwa nyingi. Basi punguza, usiache. Kama ulipalilia nusu saa, mara ijayo palilia robo saa. Kama haikuongezeka, kaa hapo wiki moja, halafu ongeza dakika tano. Ni kama tunavyojaribu mbegu mpya: hatupandi hekta nzima siku ya kwanza, tunapanda mistari michache, tunaangalia.

Siku kiungo kimewaka kweli, kimevimba, kina moto, hiyo ni siku ya kukipumzisha. Usibebe, usitwange. Lakini hata siku hiyo kijongeze polepole mpaka mwisho wake, mara mbili au tatu kwa siku, kisikauke. Na viungo vingine visivyowaka viendelee na maisha yao. Vidole vikivimba, miguu inaweza kutembea.

Asubuhi ndiyo shida kubwa, na hapa desturi yetu ya kutoka saa kumi na moja inawatesa watu hawa bure. Mwenye baridi yabisi anahitaji muda. Kabla ya kutoka kitandani afunge ngumi polepole na kufungua, mara 10. Aguse ncha ya kila kidole kwa kidole gumba. Azungushe viwiko vya mikono na vifundo vya miguu. Kama kuna maji ya vuguvugu, aweke mikono ndani dakika chache. Kwa kutia nguvu, akamue donge la udongo laini wa kufinyangia, lile ambalo watoto wanachezea. Haligharimu franka.

Kuhusu dawa tuseme neno, ingawa si kazi yetu. Watu wengi wananunua sokoni vidonge vya maumivu, diklofenaki au indometasini, wanakunywa miezi na miezi. Vinapunguza maumivu kweli, lakini havizuii ugonjwa, na vikinywewa ovyo vinatoboa tumbo na kuharibu figo. Mbaya zaidi ni deksametazoni: mtu anasikia amepona siku ya pili, uso unanenepa, watu wanamsifu, na ndani mifupa inalika, sukari na presha vinapanda. Aliyeizoea asiikate mara moja, ni hatari. Amwone muganga aipunguze kidogo kidogo. Dawa inayotuliza ugonjwa wenyewe ipo, inaitwa metotreksati, lakini inakunywewa mara moja kwa WIKI. Anayeinywa kila siku anaweza kufa. Mama mwenye mimba asiiguse, na inataka kupima damu. Kwa hiyo ni ya muganga, si ya duka. Na ugonjwa ukitulizwa mapema, kujongea kunakuwa rahisi zaidi. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja.

Kazi ya kamati

Hapa ndipo sisi wa ushirika tunaingia. Muganga akimwambia mama "jongea", na kamati inajua kazi mbili tu, kulima na kubeba, basi mama atachagua mkeka. Katika salongo zetu mtu anapiga jembe kutwa au anahesabiwa hayupo. Tunaona hiyo ni namna mbaya ya kuhesabu kazi, hata kwa wazima. Kuna kazi nyingi shambani zinazotaka mwili ujongee bila kuuvunja: kuchagua mbegu, kuotesha vitalu, kufukuza ndege wakati mpunga unakomaa (ndege hawajali kama una rumatisme), kugeuza mpunga juani, kupima mizani, kushika daftari. Kazi hizo zihesabiwe siku kamili. Na mtu aruhusiwe kuanza saa tatu, baada ya mikono kulegea, na kubadilisha kazi kila nusu saa: akipalilia, aende kuchagua mbegu, kiisha arudi.

Mizigo nayo. Bido ya litre 20 kichwani au mkononi si ya mtu huyu. Bido mbili za litre 5, moja kila upande, au toroli, au baiskeli ya kijana wa kamati. Kikapu cha mihogo kishikwe na viganja viwili au kibebwe mgongoni, kisining'inie kwenye vidole. Kutwanga kufanywe na wawili wakipokezana, na mahali pana mashine ya kukoboa, kamati iangalie kama bei ya kukoboa inaweza kukatwa kwenye mavuno ya wote. Kumenya mihogo afanye akiwa ameketi kwenye kiti kifupi, kisu chenye mpini mnene.

Mpini mnene ndio jambo dogo lenye faida kubwa. Kidole kilichovimba hakiwezi kufunga ngumi kamili, kwa hiyo mpini mwembamba unakilazimisha kubana kwa nguvu zote, na maumivu yanatoka hapo zaidi kuliko kwenye kulima. Chukueni mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli uliochakaa, mwoshe, mkate mkanda wa upana wa vidole viwili. Zungusheni kwenye mpini wa jembe mahali mikono inaposhika, tabaka juu ya tabaka, mkivuta sana, mpaka unene ufike kiasi kwamba kidole gumba na cha kati havigusani tena mtu akiushika. Mwisho mfunge kwa kamba ndogo ya mpira huohuo. Mpini wenyewe uwe mrefu, ufike kifuani kwa mtumiaji akisimama, na chuma kiwe chepesi, kile kilichokwisha kulika kidogo. Jembe la namna hiyo haliwezi kufungua pori. Kwa kupalilia karanga na maharage linatosha.

Mvua zinarudi mwezi wa 9. Tunaomba kila kamati kabla ya hapo itengeneze angalau majembe mawili ya namna hiyo, na katika daftari la kazi iongeze ukurasa wa kazi nyepesi, na majina ya wanaozifanya kwa kuchagua wenyewe. Tutakapopita kuleta mbegu za mpunga tutaomba kuona majembe hayo, na kusikia kutoka kwa walioyashika.